Zamu ya Bunduki ya Arlys

Duane Stordahl hakuwa bahili. Ukimwuliza mwenyewe, alikuwa mwangalifu tu. Mkewe, Arlys, aliyeishi na uangalifu huo tangu ujana wake, alikuwa na neno lake jingine, ila alilihifadhi kwa siku ambazo mume alimkera kweli.

Mashine ya kushindilia risasi, ya kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, Duane aliipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja huko nje ya mji, imeshikwa kutu hadi mpini haushuki. Akailoweka kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria ya Arlys ya kuokea bata mzinga, jambo ambalo halijasahauliwa. Mlango mbovu wa banda ukawa meza, meza ikakaa chumba cha kufulia, mashine ikafungwa juu yake kwa boliti za trekta.

"Mashine moja, bunduki tatu!" akatangaza. "Yangu, ya Kirsten, na yako. Maganda yote matatu yana kitako kimoja, ndugu wa tumbo moja hao. Kishikio cha kitako ni kilekile. Tunabadilisha kalibu tu."

Ndivyo ilivyokuwa, na Arlys hakubisha. Shida ilikuwa kwenye hizo kalibu, vile vyuma vya kulirudishia ganda umbo lake. Kalibu ya Duane ilinunuliwa kwanza. Ikafuata ya Kirsten, binti yao. Ya Arlys ilikuwa ya wiki ijayo, na wiki ijayo ya Duane haikuwa na haraka.

Wenzake Arlys wangeweza kwenda dukani wakanunua risasi. Yeye hangeweza. Bunduki yake ilikuwa ya marehemu baba yake, Orville, ya kizamani, ya kuvuta wenzo, na risasi zake maduka yalikuwa yamekwisha kuzisahau. Msimu uliopita wa kuwinda kulungu aliumaliza ndani ya gari akiwagawia watu kahawa. Walimpa bunduki nyingine, akakataa. Alitaka kutembea na ya baba, basi. Hakuwa na kitu kingine cha baba kilichobaki na harufu yake.

Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi. Alhamisi Arlys akaweka kijiko chini.

"Duane, mwaka huu sigawi kahawa."

"Nani kasema ugawe?"

"Basi risasi zangu ziko wapi?"

Duane akavaa koti akaenda kwa jirani yao Gordy Aasen kuazima kalibu. Akarudi anapiga mluzi. Maganda ya bunduki yake mwenyewe yangeweza kubanwa yakawa ya Arlys, akaeleza, bila kununua hata moja. Arlys akaanza kuosha vyombo, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaimba.

Sasa, ganda likiingia kwenye kalibu lazima lipakwe mafuta, na likiwa linabadilishwa umbo lipakwe hasa. Kila mtu wa kazi hiyo anajua. Duane alijua. Lakini kikopo cha mafuta kilikuwa karibu kuisha, naye akaona tone dogo litatosha.

Arlys alisikia mpini ukilia, kisha kitu kikakwanyuka.

"Duane?"

"Usije!"

Akaja. Ganda lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya kalibu ya watu, ukingo wa kitako chake umenyofoka, na mumewe ameduwaa na mpini mkononi.

"Umepaka mafuta?"

"Nimepaka."

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha... kidogo."

"Kidogo! Mtu unabania mafuta ya ganda, utabania mpaka chumvi ya mazishi yangu!"

"Gordy ataniua."

"Gordy asubiri foleni, mimi niko mbele. Lete drili. Lete boliti na spana. Na sogea, baba, umejaa mlango mzima."

Orville naye alikuwa mtu wa tone dogo, na Arlys alikuwa amemwona akinasa kama hivi si mara moja. Akatoboa kitako, akakata hesi za boliti tunduni, akapanga washa za chuma juu yake, akaingiza boliti akakaza. Akakaza tena. Ganda likachomoka puu! likaruka mpaka kwenye kapu la nguo safi. Kirsten, aliyekuwa amesimama ngazini, akapiga makofi.

Tangu hapo Arlys ndiye aliyeshika mpini, na mafuta yakapakwa mpaka Duane akageuza uso asione. Yeye alipewa mizani ya baruti, kwani uangalifu wake ulifaa hapo, na kila ganda akalimulika kwa tochi aone baruti imo sawasawa kabla halijafungwa.

Jumamosi theluji ilikuwa mpya, imefika vifundoni. Kulungu dume akatoka kwenye mierebi ya kijito akasimama ubavu. Arlys akavuta pumzi, akafyatua mara moja. Dume akapiga hatua chache akalala.

Akavuta wenzo kwa mazoea, ganda likarukia mbali kwenye theluji. Hapo akapiga magoti na kuanza kuchakura. Utotoni alikuwa akimlilia baba yake kwa jambo hilihili: nyama imelala kule, mzee anatambaa huku akitafuta kipande cha shaba. Leo mikono yake mwenyewe ilitambaa, naye akaona kwamba mzee hakuwa akichelewesha kitu. Anayeokota ganda anatarajia kurudi kuwinda tena. Machozi yakamtoka huku anacheka.

"Arlys!" Duane alikuwa anakuja mbio. "Kaanguka! Unatafuta nini?"

"Ganda langu."

"Liache! Nitakutengenezea mengine."

Arlys akainua kichwa. Miaka yote ya ndoa yao hajamsikia mtu huyu akisema kitu kiachwe.

"Duane, unaumwa?"

"Siumwi." Akakohoa, akatazama kijito. "Kalibu yako nimeagiza jana. Mpya. Inakuja na boksi lake, hakuna marehemu aliyeitumia."

Arlys akarudisha mikono kwenye theluji. Duane akamtazama kidogo, kisha akavua glavu, akapiga magoti kando yake, na wote wawili wakaendelea kutafuta.