Nchi ya Mageti Yasiyo na Nyumba

"Geti la kufungia nini, Mama Nakijwa? Nyasi?" mume wangu aliuliza, mkono wake bado una ugali.

"La kufungia matofali yetu. Watu wanayabeba."

"Matofali hayapiti getini. Yanapita pale ambapo hakuna ukuta, na sisi ukuta hatuna hata upande mmoja."

"Angalau geti nitaligusa! Wewe hela unataka kumpa Danford, mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba."

"Danford aliweka laki tano, mwezi haujaisha ikawa milioni."

"Iko wapi hiyo milioni?"

"Ameirudisha kulekule izae zaidi."

"Kwa hiyo hajaila. Ameoneshwa tu."

"Haya, wewe unajua kila kitu, si una diploma."

"Ya ununuzi na ugavi, Baba Nakijwa, na nilifaulu vizuri."

Akainuka, akanawa, akatoka barazani na simu yake. Tulikuwa tunagombania milioni mbili na laki nne, mgawo wetu wa kikoba baada ya kuweka hisa mwaka mzima. Nyingine hatukuwa nayo. Binti yetu Nakijwa alikuwa kidato cha tano, na sote wawili tulikuwa tumemwahidi chuo. Mimi niliamini kwamba kiwanja chetu cha Nala kikipata geti la maana, watu wataacha kutuona wababaishaji na mengine yatafuata yenyewe. Fundi Ndahani, mchomeleaji, alikuwa anakuja alasiri ileile kuchukua malipo ya kuanzia. Danford naye alikuwa amempa mume wangu mpaka jioni ileile awe ametuma hela. Yaani jasho la mwaka mzima lilikuwa linaondoka kabla jua halijazama, na kilichobaki ni kujua linaondokea mlango upi. Nikajitupa kwenye kochi nimefura, naendelea kugomba peke yangu. Upepo wa Dodoma ulikuwa unachezea bati lililolegea kwa jirani, joto limenikalia kifuani, na mahali fulani katikati ya sentensi nzuri sana ambayo ningemwambia mume wangu, usingizi ukaninyang'anya maneno.

Nikajiona natembea kwenye barabara pana ya udongo mwekundu, imenyooka mpaka inagusa anga, na pande zote mbili ni mageti. Sijawahi kuona mageti ya namna ile. Moja lilikuwa na simba wawili wametoa ndimi, jingine lilikuwa na tausi aliyepakwa dhahabu, mkia wake unameta mpaka macho yanatoka machozi, jingine lilichongwa mikuki juu kama ngome ya mfalme anayeogopa wakwe zake. Nilifurahi. Nikasema moyoni, hapa sasa ndipo wanapoishi watu wenye akili. Nikachungulia kwenye upenyo wa lile la simba. Ndani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na msingi uliomea nyasi, rundo la matofali, na familia nzima imekaa juu ya matofali hayo chini ya mwavuli mmoja, wanagawana mahindi ya kuchoma. "Karibu sana," akasema baba wa pale kwa ustaarabu mkubwa, "ila tafadhali pitia getini." Nikamuuliza ukuta uko wapi. "Unakuja," akasema. "Tangu lini?" Mke wake akacheka, akanitupia punje ya hindi. "Dada, usituulize maswali ya watu wa benki."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kufua, na mkononi ana kopo la kupimia mchele, limechakaa kwa kutumika. "Naitwa Kiasi," akasema. "Wengi hunipita bila hata kunisalimia, kwa hiyo sikulaumu." Nikamwamkia haraka. "Marahaba. Twende, na usiguse rangi, haijakauka." Na kweli, katikati ya barabara alisimama bwana mmoja mrefu, suti nyeupe, brashi mkononi, anapaka geti jipya. Aliponiona akafungua mikono. "Mama! Nilikuwa nakusubiri wewe! Lako nimeshalichora, lina tai wawili wanatazamana. Majirani watakuwa wanapunguza mwendo." Sauti yake ilikuwa tamu kama juisi ya ubuyu. Nikamuuliza bei. "Zote ulizonazo," akajibu bila kupepesa. Nilikuwa naelekea kufungua pochi, wallahi, mpaka alipogeuka kuchovya brashi, nikaona suti yake ina upande wa mbele tu. Nyuma ilishikizwa kwa pini, mgongo mtupu unapigwa na jua. "Huyo ni Fahari," akasema Kiasi. "Hapendi kutembea mbele ya watu. Anapenda wakutane naye uso kwa uso."

Sijamaliza kucheka, vumbi likatimka mwisho wa barabara, na ndani ya vumbi akatoka mama mnene mwenye begi kichwani na kelele za shangazi aliyekuja kukaa. "Hodi! Mimi hapa, sikupiga simu!" Kote kote mageti yakafungwa kwa minyororo, lakini yeye alizunguka tu pembeni ambako hapakuwa na ukuta, akaingia kwa ile familia ya simba. "Shikeni," akasema akifungua begi. "Homa ya mtoto, kazi kusimama, na choo kuanguka kwa mvua. Mchague, au niwaachie vyote?" Baba wa watu akajipapasa mifuko. Hakuwa na kitu, kila shilingi yake ilikuwa imeshakuwa simba. Na kama vile alikuwa amejificha kichakani anasikiliza, akatokea mtu na mkokoteni, akajitambulisha kuwa ni Bei ya Kutupa, akapakia matofali yote na geti juu yake, akawaachia hela ya sukari na dawa. Familia ikabaki inatazamana, mama ameshika kufuli ambalo halina tena cha kufunga.

"Huyu mama ana roho mbaya," nikasema.

"Dharura? Hana roho mbaya wala nzuri," Kiasi akanijibu. "Ana ratiba yake tu, na hakuna nyumba asiyoifikia. Usijisumbue kumzuia. Jisumbue na atakachokuta jikoni kwako."

Akanipeleka kwenye nyumba ndogo ya bati, haina geti, ina kamba ya nguo na kuku wawili. Dharura alikuwa ameshatangulia, amekaa kwenye kigoda, anakunywa maji kutoka kwenye mtungi uliowekwa karibu kabisa na mlango. Alipomaliza akashukuru, akabeba begi lake, akaondoka kama mgeni yeyote. Mwenye nyumba, dada mwembamba aitwaye Akiba, hakulia wala hakulalamika. Kabla hajafagia, kabla hata hajavaa viatu, alichukua ndoo akaanza kuujaza mtungi upya. "Huu ni wa matumizi ya miezi mitatu," akaniambia, "na mwenye uwezo aufikishe sita. Siukopeshi, siupambi, siupeleki shambani. Kazi yake ni kukaa hapa mlangoni." Nikamuuliza kwa nini basi asijaze mitungi kumi. Akanionesha dirishani. Mbuzi mmoja mkonde alikuwa ameingiza kichwa, analamba maji polepole, hana haraka na hana aibu. "Mfumuko wa Bei," akasema Akiba. "Kila mwaka analamba kidogo, na humwoni mpaka usiku umetaka kupika maji hayatoshi. Kwa hiyo mtungi ukijaa, yanayozidi nayapeleka kwa dada yangu Subira. Ila mtungi kwanza. Wanaoanzia kwa Subira bila mtungi, Dharura huwafuata wakang'oa miche ingali michanga."

Kwa Subira kulikuwa shamba la kuinua moyo, kijani kibichi katikati ya ule ukame, mizabibu imejipanga safu kwa safu, katikati mtama, pembeni mabanda ya kuku, na nyuma kabisa miembe inayochukua muda wake. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, anapunguza matawi kwa kisu huku anaimba vibaya sana. "Haya ninayoyakata siyachomi," akaniambia bila hata kuniuliza jina. "Nayapanda. Mwaka wa kwanza nilipata kikapu kimoja, mume wangu akanicheka. Sikukila chote, nikapanda tena. Siku hizi mizabibu inazaa mizabibu, nami nimekaa." Nikamuuliza kama haogopi. "Naogopa, kwani mimi jiwe? Mwaka juzi upepo ulivunja nusu ya safu hizi. Jirani yangu Wasiwasi aling'oa yake yote siku ileile akauza kuni. Mimi nilichemsha chai. Ndiyo maana nina mtama na kuku pia, upepo mmoja hauwezi kubeba vyote." Kisha akanielekezea kisu chake kifuani, kwa upole. "Ila wewe usiniletee ada ya mwezi ujao. Kazi za mwezi ujao mimi sifanyi. Hela ya karibu ipande kwenye kuku, hela ya mbali ipande kwenye mwembe. Ukichanganya, usije kunililia."

Nilitaka kubaki pale. Lakini ngoma ililia ng'ambo ya shamba, na Kiasi akanishika mkono kwa nguvu. Palikuwa na hema kubwa la rangi zote, na mbele yake foleni ya watu wenye furaha kama wanaelekea harusini. Mlangoni alikaa Pupa, mdomo mpana, vidole vyote vina pete. Alichofanya kilikuwa chepesi: anachukua hela ya mtu wa mwisho kwenye foleni, anampa wa mbele, wa mbele anapiga vigelegele, anacheza, kisha anakimbilia nyuma kuiweka tena. Nikazunguka nyuma ya hema kutafuta shamba, jiko, cherehani, chochote kinachofanya kazi. Nikakuta pazia na paka amelala. Nikarudi mbele, na katikati ya foleni nikamwona nani? Baba Nakijwa, viatu mkononi, anatokwa jasho la furaha. "Mama Nakijwa! Njoo usimame hapa, inakwenda haraka!"

"Muulize Pupa swali moja tu," Kiasi akaninong'oneza. "Faida inatoka wapi?"

Nikauliza, kwa ile sauti ninayotumia sokoni. Ngoma ikakatika. Paka akaamka. Pupa akanitazama, pete zikaanza kumchomoka vidoleni moja moja, akapiga kelele, "Mama huyu ana wivu wa maendeleo!" na hema likaanza kujikunja lenyewe kama mkeka, likiwa na watu ndani. Nikamkamata mume wangu kwenye kola ya shati, nikavuta, yeye anavutia huku, mimi navutia huku, tukaanguka chali wote wawili, na juu yetu sauti ikasema hodi.

Alikuwa Fundi Ndahani, amesimama mlangoni kwangu na tepu ya kupimia shingoni. Mume wangu alikuwa barazani palepale, kidole kiko juu ya simu. Nikakaa, nikajifuta uso kwa kanga, na jambo lote likanikalia wazi. Tulikuwa tumegombana mchana kutwa kama watu wa pande mbili, kumbe sote wakazi wa nchi moja: mimi nakwenda kwa Fahari, yeye kwa Pupa, na mlangoni kwetu hakuna hata kikombe cha maji.

"Fundi, kaa unywe chai. Geti hakuna."

"Mama! Nimeshanunua vyuma!"

"Umenunua?"

Akakuna kichwa. "Nimeulizia bei."

"Endelea kuulizia. Nyumba ikipata ukuta, wewe ndiye wa kwanza kuitwa."

Baba Nakijwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Na wewe usicheke," nikamwambia. "Mpigie Danford, weka spika. Muulize faida inatoka wapi."

Akapiga, nadhani ili anikomoe. "Kaka, maswali hayo ni ya kukatisha watu tamaa," Danford akasema. "Nafasi zinaisha."

"Lakini wanauza nini?"

"Wanauza... fursa."

Mume wangu akaisogeza simu karibu na mdomo. "Danford, umewahi kutoa hata elfu kumi ukanunulia unga?" Simu ikakatika, na safari hii haikuwa mtandao.

Hatukungoja kesho, kesho najua tungekuwa tumesharudi kwenye tai na simba. Matumizi yetu ya mwezi ni kama laki tano. Kwa hiyo milioni moja na nusu niliihamishia palepale kwenye akaunti ya pembeni, ile isiyo na kadi, hiyo ndiyo ya Dharura. Laki tisa zilizobaki ni za chuo cha Nakijwa, na chuo hakiko mbali, kwa hiyo si za kupeleka kwenye hisa za kupanda na kushuka. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaonunua zaidi hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, nilikuwa nimejiunga nao kwenye semina ya kazini, nikaweka elfu kumi, nikausahau. Ni halali, nilihakiki mwenyewe usajili wake kwa mamlaka inayohusika. Nikafungua simu, nikaandika laki tisa kwenye kununua vipande, ndivyo wanavyoziita sehemu za mfuko huo.

"Na kila mwezi?" mume wangu akauliza.

"Laki moja, siku ileile ya mshahara, kabla hatujaigusa."

"Hamsini yangu, hamsini yako."

"Umesema mwenyewe, na shahidi yupo."

Akasogea, akasoma tarakimu kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama anayekagua mzigo. "Bonyeza," akasema. Nikaingiza namba ya siri, nikabonyeza. Ujumbe ukaingia: tumepokea.

Fundi Ndahani alikuwa hajaondoka. Chai ilikuwa imempoa mkononi, shingo ameinyoosha kuelekea simu yangu. "Mama, samahani. Hivyo vipande vinaanzia shilingi ngapi?"

"Toa simu yako," nikamwambia, na nikamsogezea kiti.