Gari Lenye Homa

Mpima ardhi alikuwa ameuchosha mguu wake wa kushoto. Kilomita arobaini kwenda kazini, arobaini kurudi, nusu yake foleni tupu, na mguu unakanyaga klachi kama wa fundi cherehani. Akaapa kwamba gari lijalo litakuwa otomatiki, la dizeli ili lisinywe sana, tena stesheni wagoni, kwa maana vyombo vyake vya kupimia vilikuwa vikilala mapajani mwa abiria.

Akalipata kwa mwalimu mmoja mstaafu. La bluu. Tangu aione picha yake hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mkewe, aliyemjua, akamtuma mama yake amsindikize. Mama huyo alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja na usukani hajawahi kuushika, lakini ni mkwe gani mwenye ubavu wa kumwambia mama mkwe abaki nyumbani?

Mwalimu aliwapokea kwa bashasha. Akasifia viti, akasifia redio, akafungua buti na kusema humo hata godoro linaenea. Mpima ardhi alikuwa ameshapokea ufunguo mama mkwe alipoweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama anayempima mtoto kipajini.

“Baba, gari hili limetoka safari?”

Mwalimu akasema halijasogea tangu jana.

“Mbona lina homa?”

Mpima ardhi alitamani ardhi aliyozoea kuipima immeze. Mama mkwe hakupandisha sauti. “Mtoto akiletwa kwangu kimya, sisemi ni mzima mpaka nimsikie analiaje. Tungoje lipoe.”

Wakangoja barazani saa tatu nzima. Mama akamuuliza mwalimu habari za mgongo, akamfundisha namna ya kulalia ubavu, na wakawa wanacheka. Kisha ufunguo ukazungushwa. Gari likakohoa, likazima. Likakohoa tena. Mara ya nne likawaka, likatoa moshi uliomfanya jirani akimbilie kuanua mashuka yake.

Mwalimu akainamisha macho. Akakiri kwamba plagi za kupashia injini moto zilikuwa zimekufa, na kila mteja anapokuja yeye huliwasha mapema, kwa kuogopa kwamba atakayelisikia hivyo atakimbia. Mpima ardhi akaona huruma. Angelichukua na kikohozi chake.

“Si ugonjwa wa kuua,” mama mkwe alisema. “Litibu, tutarudi. Ila siku ya kuja hatuisemi.”

Walirudi Alhamisi alfajiri, mwalimu hajanawa uso. Boneti ilikuwa baridi kama mtungi. Gari likaitika mara moja, mpima ardhi akalizungusha mtaa mzima, gia zikijibadilisha zenyewe bila hata kishindo, naye akarudi amekubali.

Ila mwalimu, akishaonja utamu wa kusema kweli, hakujua pa kuishia. Akaeleza dirisha la nyuma linalokwama, akaeleza redio inayoshika stesheni moja tu, akaeleza mkwaruzo ambao hakuna aliyeuona.

“Inatosha, baba,” mama mkwe akamwambia, “usije ukatufikisha kwenye mambo ya ndoa yako.”

Akaingia kiti cha nyuma, akavua viatu, akanyoosha miguu. Kabla hawajafika njia panda alikuwa amelala fofofo.