Watu wa Rudovec
Bibi Zuzana aliipita lifti bila kuitupia jicho, jinsi mtu anavyompita jirani waliyenuniana naye, akashika reli ya ngazi na kuanza kupanda. Tulikuwa tukikaa orofa ya sita, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud jijini Doha, na lifti ilikuwa nzima kabisa. Mimi Jebet, niliyeajiriwa kumtunza, nilimfuata na mifuko ya maziwa na viazi, nikinung'unika kimoyomoyo. Mkongwe gani huyu?

"Polepole tutafika," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Miguu ikisahau mlima, nitarudije nyumbani?"

Habari za Rudovec nilizipatia kwenye ngazi hizo. Ni mji mdogo wa Slovakia uliojibana mlimani, mlango wa huyu juu ya paa la yule. Wafalme walichimba madini ya fedha wakaondoka. Ikaja shaba, nayo ikaisha. Kisha serikali ikaufunga mgodi, ikajenga maghorofa bondeni na kuamuru watu wahame. Wakagoma. Wakakatiwa maji, na wanawake, Bibi Zuzana akiwa bibi harusi wa juzi, wakayapandisha kwa ndoo kipupwe kizima mpaka mabomba yakafunguliwa.

"Walitutangazia matanga mara nyingi," alikuwa akisema. "Hatukujitokeza kuzikwa." Nilimpenda kwa ukaidi huo, ingawa magoti yangu yalikuwa na neno tofauti.

Mwanawe Martin, mhandisi tuliyekaa kwake, alitaka kuiuza nyumba ya Rudovec mama abaki Doha. Dada yake Eva, aliyeko Slovakia, alisema atakubali kwa sharti moja: mtunzaji mwenyewe aseme kwamba mama haziwezi tena ngazi za kule. Martin akanidokeza kuwa mama akitulia hapa, mkataba wangu utaongezwa.

Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya ibada kwa Wakristo wa Doha, tukitoka kanisani mtaa wa Mesaimeer, nilimweleza rafiki yangu Terry. "Sema hawezi, dada," akaniambia. "Huyo bibi si wa kwenu. Mama yako kule Kapsowar atakula nini?" Maneno hayo yaliniingia, siwezi kudanganya.

Kesho yake Martin aliweka simu mezani, Eva akisikiliza. "Jebet, mwambie dada yangu. Mama anaweza kupanda ngazi?"

Bibi Zuzana alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama, lakini hakuniangalia. Nikaiona tiketi yangu ya kurudi Kenya waziwazi. Kisha hasira ikanipanda. Walikuwa wakimjadili mbele ya macho yake kama kabati linalotafutiwa kona.

"Anaweza," nikasema. "Hupanda kila siku. Anayechoka ni mimi."

Martin akakata simu. "Haya, twendeni chini. Nataka kujionea mwenyewe."

Tukashuka kwa lifti, mama yake akiwa amefumba macho kwa kuudhika, kisha tukaanza kupanda, yeye mbele, Martin katikati, mimi nyuma. Orofa ya kwanza na ya pili alizipita akihema kidogo tu. Ya tatu alipunguza mwendo. Alipofika ya nne akayumba, akakaa kwenye ngazi, mkono kifuani. Nilikuwa nimemponza, nikajiponza na mimi.

"Umeona, mama?" Martin aliuliza, kwa Kiingereza ili na mimi nisikie. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote. Alikuwa mtoto anayemwogopea mama yake.

Bibi Zuzana alingoja pumzi imrudie.

"Kwetu kila kona ya mlima ina benchi," alisema. "Watu hukaa, hupumua, huendelea. Sijaona aliyeuza nyumba kwa sababu ya kukaa."

Martin alikuwa ameing'ang'ania reli kwa mikono miwili, shati limemganda mgongoni, kifua kikimpanda na kushuka. Mama yake alimtazama kwa muda, akaikusanya sketi yake na kumwachia nafasi.

"Kaa," akamwambia. "Ukishapumua, tutaendelea."