Maharage ya Ndani ya Simu

Watu wa Lusenda wana midomo, tena midomo isiyochoka. Ukipiga chafya asubuhi, jioni utaambiwa umelazwa. Kwa hiyo Renilde alipoanza kucheza mchezo wa shamba kwenye simu, hata mwezi haukuisha: kambi nzima ya wakimbizi ikajua, vibanda vya barabarani vikajua, na mwisho habari ikafika Lweba, kijiji cha jirani, pale pale ambapo haikutakiwa kufika, masikioni mwa Mama Wilfried.

Jina lake ni Georgette, lakini nani athubutu kumwita hivyo? Ni mjane wa Lweba, mwenyeji wa tangu enzi za babu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu na ukali wake wote. Ana shamba juu ya barabara, mahali ambapo ziwa halifiki hata lipande namna gani. Goti lake lilikuwa limekataa jembe, akawa anatafuta mtu wa kumlimia kwa kugawana mavuno. Mwezi wa nane alikuwa amemwambia Renilde, "Mama Nella, mi nitakuangalia we kwanza. Lakini sijasema ndiyo."

Tangu siku hiyo Renilde aliishi roho mkononi. Ni mkulima kutoka Burundi, mkulima wa kuzaliwa, na upande huu wa mpaka alikuwa amelima misimu miwili tu. Wa kwanza, ziwa lilipanda likameza shamba lote pamoja na mipaka yake. Wa pili, risasi zililia milimani, watu wakakimbia, na aliporudi baada ya wiki tatu maharage yalikuwa yameshaiva na mtu mwingine ameshavuna. Nani? Mungu anamjua. Hakumwachia hata maganda. Sasa chakula cha msaada kilikuwa kimepunguzwa tena, na bila shamba la Mama Wilfried mwaka mzima ungekuwa wa kukaa barazani kusubiri. Alilitaka lile shamba mpaka kifua kikamuuma.

Simu ilitoka kwa binti yake Nella, msichana wa miaka ishirini na mbili anayesuka nywele sokoni, mjini Baraka. Alikuwa amejipatia nyingine, akampa mama yake ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

"Kuna mchezo humu, mama. Jaribu, utapumzisha kichwa."

"Mimi? Na mvi hizi?"

Lakini alijaribu. Kulikuwa na kijishamba cha kijani, mto mdogo pembeni, kuku watatu na nyumba yenye paa jekundu. Unagusa udongo, unalimika. Unagusa tena, mbegu inaingia. Ukitaka mvua unagusa kiwingu, nacho kinanyesha hapo hapo, kidogo kidogo, bila mafuriko. Kuku wanazunguka na kudonoa, hakuna anayewaiba. Mto unaimba sauti ile ile mchana kutwa, na Renilde alikuwa anaisikiliza hata akiwa hachezi, simu ameiweka juu ya mkeka huku anapepeta unga.

Kuna michezo ya kukimbizana na kupigana, Nella alimwonyesha mmoja, Renilde akarudisha simu haraka. Asante, hayo alishayaona na macho yake. Huu wa shamba haumkimbizi mtu.

Kilichomshika zaidi, hata hivyo, ni jambo moja dogo. Siku ya pili alipanda maharage, akaenda kupanga foleni ya maji, akapitia kwa jirani mgonjwa, akarudi jioni mbio mbio na wasiwasi tele. Akafungua simu. Maharage yalikuwa yameiva, yamesimama vile vile kwenye mistari yake. Hayakuoza, hayakuibwa. Yalikuwa yanamngoja. Renilde alilia, jamani, mtu mzima akalia juu ya maharage ya kuchorwa, kisha akajifuta na kitenge na kuyavuna.

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Kila alichovuna alikiingiza ghalani. Kila siku, mle mle mchezoni, mtu mmoja mwenye kofia alikuja getini na gari dogo jekundu, pii pii, anataka kununua. Renilde akamkatalia. Kesho yake pii pii, akamkatalia tena. Siku ya tisa maandishi mekundu ya Kifaransa yakajaa kwenye kioo na shamba likakataa kuvunwa.

Nella alipoona alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama! Ghala limejaa! Mchezo unataka uuze, upate shamba kubwa, upate ng'ombe! Magunia yote haya unamwekea nani?"

"Niuze, halafu msimu ujao nipande nini?"

"Lakini humu mbegu haiishi!"

"Mwambie huyo mwenye gari arudi baadaye."

"Mama, umekwama. Hutasogea."

"Kwani nani amesema nina haraka ya kusogea?"

Na kweli hakusogea. Alimwagilia, akalisha kuku, akausikiliza mto, akamkatalia mwenye gari. Nella akaenda kuisimulia sokoni kama kichekesho. Hakuwa na ubaya, alimpenda mama yake, ila alisahau midomo ya watu. Kichekesho kilipofika Lweba kilikuwa kimeota mapembe: yule Mrundi amelogwa na simu, hapiki, haogi, anashinda analima kwenye kioo. Aliyekibeba hadi mlangoni mwa Mama Wilfried alikuwa Jacques, shemeji yake, ambaye alikuwa analitaka lile lile shamba kwa kufyatulia matofali. Matofali! Udongo mweusi kama ule!

Jumamosi mchana Renilde alikuwa barazani, kichwa kimeinamia simu, aliposikia fimbo inagonga mawe. Akainua macho. Mama Wilfried alikuwa amesimama mbele yake, jasho linamtiririka, ametembea toka Lweba na goti lake lile.

"Basi ile banasema ni kweli kabisa!" akafoka. "Mi nasema hapana, Mama Nella ni muntu wa kazi, Jacques anadanganya. Nakuja na mguu yangu kukuuliza uso kwa uso. Na we huyu hapa, na telefone!"

Renilde alitaka kusema kwamba amepika, ameoga, ameteka maji na kufua tangu alfajiri. Lakini aliliona tu shamba linaondoka, na matofali ya Jacques yamepangwa juu yake.

"Lete nione iyo kitu."

Akaitoa kwa mikono miwili. Mama Wilfried akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Uso wa kialimu kabisa, kama anasahihisha daftari la mtoto mvivu.

"Hii nyekundu, unajua inasema nini?"

"Nella aliniambia, Mama Wilfried."

"Inasema ghala imejaa. Uzisha." Akagusa ghala, likafunguka. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini. Akatazama muda mrefu. "Hii yote ni maharage?"

"Na mahindi kidogo."

"Haukuuzisha hata mara moja?"

"Hapana."

"Juu ya nini? Hii ni muchezo. Mbegu banakupatiaka bure."

"Najua, mama. Najua ni muchezo." Renilde akaona aibu, lakini akasema tu. "Nikitaka kuuzisha, mukono inakatala."

Ule mto wa ndani ya simu ukaendelea kuimba. Mama Wilfried akavuta kigoda bila kukaribishwa, akakaa, akanyoosha goti.

"Mama yangu alikuwa hivyo," akasema, ukali umempungua. "Sisi nasi tulikimbiaka, unajua. Tulivuka ziwa, tukakaa mu kambi Tanzania. Mama alikuwa na kopo moja ya maharage ya Lweba. Njaa ikakuja, sisi batoto tukalia, akakatala kuipika. Miaka saba! Tulimuita mwenye wazimu, mi mwenyewe nilimuita hivyo. Siku tulirudia akaenda shambani palepale, akapanda yote."

"Ikaota?"

"Hata moja. Ilikuwa imezeeka." Akavua miwani, akaifuta na pindo la kitenge ingawa haikuwa na vumbi. "Nilimuona amekaa pale kila asubuhi, anaangalia udongo."

"Pole, mama," Renilde akasema, naye akamaanisha.

"Sasa niambie ukweli. Mbegu ya kweli, uko nayo?"

Renilde akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani maharage yalikuwa yamechanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse. Ni masalio ya mbegu ya ule msimu wa pili, hayo hayo aliyoyabeba mgongoni zile wiki tatu za kukimbia. Nella alijua lilipo, na hata siku ambazo sufuria lilibaki limepinduliwa bila cha kupika hakuwahi kuliulizia.

Mama Wilfried akaingiza mkono hadi kwenye kifundo, akatoa punje moja, akaipuliza majivu, akaiuma. Ikalia ka!

"Ya lini?"

"Ya mwaka jana."

"Basi isikawie tena." Akainuka, akaikamata fimbo. "Lundi, saa kumi na mbili asubuhi, uko shambani. Ukichelewa nitakugombeza mbele ya bantu. Jacques atafute fasi ingine ya matofali yake."

Renilde akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akaishika ile mikono na kulia. Mama Wilfried akamvuta ainuke, akamkaripia kwamba mtu hapigiwi magoti kama sanamu, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa. Halafu, kabla hajaondoka, akainama tena juu ya simu.

"Na hawa bakuku, unabalisha nini?"

Jumatatu walipanda. Renilde alichimba kwa mistari, Mama Wilfried akakaa kwenye jiwe akimkosoa kila mstari, na ilipofika saa sita kopo lilikuwa tupu, majivu tu chini. Renilde akaligonga mara mbili juu ya udongo hadi punje ya mwisho ikatoka.

Jioni Nella aliporudi kutoka Baraka alimkuta mama yake barazani, miguu ina matope, simu mkononi. Getini, ndani ya kioo, mwenye kofia alikuwa amefika. Pii pii. Renilde akagusa ghala, akagusa magunia, moja baada ya jingine, na gari jekundu likajaa hadi likainama.

Nella akashangaa. "Mama! Unauza? Yote? Na mbegu je?"

"Mbegu iko ndani ya udongo," Renilde akasema, akamfungulia mtu wa watu geti aende zake.