Alama Mia kwa Mia

Maji ya bomba yalikuwa ya baridi ya Februari ya ughaibuni, lakini mkono wa Asumpta ulizidi kuwaka. Ngozi ya kiganja ilishageuka nyeupe, kama ya samaki aliyechemshwa. Glovu aliyovaa ilikuwa ile nyepesi ya kushikia mkate. Dawa ya kusafishia oveni ilikuwa imeitoboa.

"Yesu na Maria," alinong'ona.

Watoto wa shule walishapanga foleni dirishani, wakigonga trei.

"Mama Wema, pasta iko wapi?" aliita Aziz, msimamizi wa kantini. Alizaliwa Mwanza, na kila siku alimsemesha Kiswahili.

"Dawa imenichoma, bosi."

"Umeimwaga wakati oveni bado ina moto?"

"Sikujua lazima ipoe."

Aziz akautazama ule mkono, kisha saa ya ukutani. "Funga kitambaa tugawe kwanza, mama yangu. Watoto hawana kosa."

Asumpta akagawa kwa mkono wa kushoto mpaka foleni ikaisha.

Jumatatu aliitwa ofisini. Njiani, ndani ya basi kutoka kwake Malvern, alikuwa amejipanga: ataomba kitu kimoja tu, iandikwe kwamba hakufundishwa. Maana Septemba alimwomba Aziz amwonyeshe zile dawa, na Aziz akacheka. "Mafunzo yako kwenye simu siku hizi. Utayatazama nyumbani."

Nyumbani Asumpta alifika miguu imevimba. Video ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, na bila kuimaliza hapangiwi zamu. Akampa Wema simu. Binti akabofya majibu huku anakula wali.

"Done, Mama."

Cheti kikaja, mia kwa mia. Aziz alikibandika ukutani, akamsifu mbele ya wenzake, na Asumpta akaona haya kuwaambia ukweli.

Sasa, mle ofisini, Aziz alizungumza Kiingereza. Kwenye kompyuta alikuwapo mama mmoja wa kampuni inayoendesha kantini, amevaa miwani, hakujitaja jina.

"Sikufundishwa," Asumpta alisema.

Aziz akaisoma polepole karatasi ya majibu ya yale mafunzo. "Swali la tisa. Oveni husafishwa lini? Ulijibu: ikishapoa. Ulijua, Asumpta."

Hakumwita Mama Wema.

Asumpta alifungua mdomo. Akisema ni mtoto aliyejibu, amedanganya, na kazi imekwisha. Asiposema, ni mzembe.

"Kuna la kuongeza?" aliuliza mama wa miwani.

"Hapana."

"Tunakupa onyo. Likitokea jingine, tutaachana."

Akatia sahihi kwa kushoto. Ilitoka kama ya mtu aliyejifunza kuandika jana.

Aziz alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi kwenye Kiswahili. "Usinichukie, dada. Na mimi wananitazama."

Jioni simu ililia mezani: mafunzo ya kurudia, yakamilike kabla ya Ijumaa. Kidole gumba chenye bandeji hakikuweza kugusa kioo. Asumpta akaisukuma simu upande wa pili wa meza.

Wema aliutazama mkono wa mama yake, kisha simu. Safari hii alisoma kwa sauti, akijitahidi kutafsiri.

"Nani... anahusika na usalama wako kazini? A, kampuni. B, msimamizi. C, mimi mwenyewe."

Rozari ilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Asumpta, punje ileile tangu alipokaa.

Wema akabofya A. Kioo kikawa chekundu: jaribu tena.

Akabofya B. Chekundu.

Akabofya C.