Mpaka Saa Nane

Hospitalini walimwita Kinyonga, na jina lenyewe hakulikataa. Mtu anayekodolea skrini sita kwa mpigo, jicho moja kulia na jingine kushoto, angeitwaje? Kazi yake ilikuwa kuutazama mtambo unaotazama mitambo mingine: kompyuta, nyaya, jenereta, majokofu ya dawa na ya damu. Kitu kikiugua, taa yake kwenye skrini hugeuka nyekundu na kengele hulia. Kikiwa kizima, kijani. Alijigamba kwamba hata nzi akitua kwenye waya, yeye hupata habari.

Siku hiyo skrini zilikuwa sita lakini moyo wake ulikuwa mmoja, na haukuwa ofisini. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa anapasuliwa saa tisa alasiri, atolewe uvimbe tumboni. Damu ya kundi lake ni adimu. Ilipatikana mifuko miwili tu, ikalazwa kwenye jokofu la benki ya damu, ghorofa ya chini, imeandikwa jina lake.

Saa nne asubuhi Kinyonga alikuwa wodini, amemshika dada mkono, simu ikaita. Ni mwenzake wa zamu, mgeni wa wiki mbili, waliyembandika jina la Chapchap kwa sababu vidole vyake huandika kabla kichwa hakijaamua.

"Kaka, mafundi wanabadilisha nyaya huku chini, kengele zinanipasua kichwa! Nizinyamazishe?"

"Zinyamazishe za chini zote. Wanamaliza mchana. Weka mpaka saa nane."

"Nane. Imeisha hiyo."

Dada akacheka. "Unaamrisha watu kama waziri, na soksi zenyewe hazifanani."

"Nimevaa gizani kwa ajili yako."

"Usinisingizie, bwana mdogo." Kisha akamkaza mkono, na kicheko kikamtoka usoni. "Utakuwa macho, eh?"

"Macho yote, dada."

Saa tisa kasorobo alikuwa kitini pake. Chapchap alikuwa ameenda kula. Kijani juu, kijani chini, kijani kila pembe. Kinyonga akashusha pumzi, halafu pumzi ikamkwama. Kengele zote zilikuwa kimya. Keekee ya mafundi, ya kutobolea kuta, ilikuwa bado inaunguruma chini ya sakafu, nyaya bado zinang'olewa, na saa nane ilishapita. Mbona hakuna kengele hata moja inayolia?

Akateremsha ukurasa mpaka mwisho, kule ambako vilivyonyamazishwa hujikunja kama majongoo, rangi ya kijivu, bila sauti. Jokofu la damu lilikuwa humo. Nyuzi joto kumi na nne, nalo halitakiwi kupita sita. Pembeni yake maandishi madogo: *kimya hadi 20:00*.

Yeye alisema saa nane kama watu wanavyosema, saa nane ya mchana. Chapchap akaandika nane ya kompyuta. Na kompyuta, kwa kuwa nane yake ya asubuhi ilishapita, ikachukua ya usiku.

Akapiga simu benki ya damu.

"Mifuko ya dada yako?" mhudumu alisema. "Imeshapanda juu. Dakika kumi sasa."

"Tazama plagi ya jokofu!"

Akasikia nyayo, kiti kikivutwa, kisha sauti ndogo sana: "Mungu wangu. Fundi ameichomoa, amechomeka keekee yake."

Alitoka mbio. Kwenye ngazi akakumbana na Chapchap, soda mkononi.

"Uliandika nane ipi?"

"Nane si nane, kaka?"

Hakusimama. Ghorofa tatu, na kila kipandio kilikuwa kinasema imetundikwa, imetundikwa, imetundikwa. Akausukuma mlango wa chumba cha upasuaji kwa bega.

"Wewe! Huku haingii mtu na viatu!" nesi alifoka.

"Sista, damu imetundikwa?"

"Toka nje!"

"Imeharibika! Ya dada yangu! Imetundikwa?"

Nesi akageuka kutazama, naye Kinyonga akatazama. Dada alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akisinzia zamani akimsubiri atoke shule. Juu yake mfuko ulining'inia, mwekundu, mrija wake umeshafika mkononi. Koki ilikuwa bado imefungwa. Vidole vya nesi mwingine vilikuwa juu yake.

"Usifungue," daktari alisema. Kisu kilikuwa mkononi mwake, ngozi bado nzima. "Nani kakwambia imeharibika?"

"Jokofu limezimwa tangu mchana. Kengele ingelia." Akajipiga kifuani. "Mimi ndiye niliyeamuru inyamazishwe."

Daktari akaweka kisu kwenye sinia, taratibu, na mlio wake mdogo Kinyonga ataendelea kuusikia.

"Bila damu sikati. Mwamsheni. Tutaanza upya kutafuta nyingine."

Dada alifumbua macho wodini, ulimi mzito. Akapapasa tumbo, akakosa kidonda, akamtazama mdogo wake aliyekuwa analia bila sauti.

"Hawajautoa?"

"Bado, dada. Nitakueleza kosa langu lote."

"Saa ngapi sasa?"

Kinyonga akafungua mdomo, akaufunga. Maisha yake yote hajawahi kuogopa kutaja saa.

"Kumi," alisema. "Ya jioni, dada. Jioni ya leo."