Kuwahi Ndege ya Newala

Balozi Mfaume wa nyumba kumi alipotangaza mkutanoni kwamba kiwanja cha ndege cha nyuma ya Tabata kinafungwa, zijengwe nyumba za wananchi, Rosalia alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Nani hataki nyumba ya bati? Alikuwa keshafika mlangoni kwake ndipo alipoanza kuyajutia makofi yale.

Kiwanja chenyewe kilikuwa nyasi na mbuzi tu. Ila masika barabara ya kusini inapokatika, kandege ka misheni ndiko kalikowarudisha kwao Wamakonde wenzake waliofia Dar, wamefungwa mkekani nyuma ya maboksi ya dawa. Sasa, masika yameshaingia, kalikuwa kanahamia Dodoma, Jumamosi kanapita Newala mara ya mwisho. Na mama yake, Bibi Adelina, alikuwa kitandani, mapafu yamechoka, na duniani kabakiza haja moja: kuzikwa Newala, ubavuni mwa mumewe.

Rosalia akaenda kumwangukia padri aliyekarusha, ampeleke mama angali hai. Padri akatikisa kichwa. Kwa kifua kile angekata roho hukohuko angani. Maiti sawa, mgonjwa hapana.

Bibi Adelina aliposimuliwa, akacheka hadi kikohozi kikamkaba. "Kumbe tiketi ni kufa. Mbona rahisi hivyo?"

Jumatano Rosalia akafagia uvunguni, akakuta uji wa asubuhi umemwagwa, na wa jana yake umekauka.

"Mama, nini hiki?"

"Nawahi ndege."

"Usinitanie, mama."

"Mie na safari natania? Niache, mwanangu. Nisipowahi hii, mtanifukia hapa kwenye maji ya masika, nielee kama kifuu."

Rosalia akakaa chini na ufagio wake. Akajikuta anapiga hesabu: asipokula leo, na kesho, huenda Ijumaa. Hesabu ilipokubali, akaiogopa mikono yake mwenyewe. Akainuka, akapika uji mwingine, akamshika mama kidevu kama anavyoshikwa mtoto mbishi, akamnywesha. Mama alikaza meno, lakini meno yenyewe yalikuwa matatu. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa vivyo hivyo. Na mwili, usivyo na akili, ukaupokea uji. Macho yakarudi na nuru, sauti ikapanda.

Jumamosi ndege ikapita juu ya paa, chini kabisa, makuti yakatikisika.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, mama."

Bibi Adelina akausikiliza muungurumo mpaka ukaisha, ukabaki wa matrekta kiwanjani.

"Kuna mtu wetu kapanda?"

"Hakuna."

"Nafasi nzima, imekwenda bure." Akajivuta, akaegemea ukuta, akajifuta midomo kwa pembe ya kanga. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Rosalia. "Haya, lete huo uji wako. Sina haraka tena."

Akafungua kinywa, akangoja. Kijiko kilikuwa kimejaa, bakuli liko pajani, ila mkono wa Rosalia haukuinuka.